Gundi ya Nyuki kwenye Mguu wa Sefu

Juzi nilishuka Mikumi kununua asali. Pale barabarani wanapopanga chupa juu ya meza ili madereva wa malori wazione kwa mbali, kijana mmoja alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia, kisha nikaanza kumhoji kama asali yake haijatiwa sukari guru. Mimi ni mtu wa maswali, nakiri. Alipoona simalizi, akachomoa kichupa kidogo cheusi chenye kifuniko cha kudondoshea.

"Basi chukua na hii, mama. Gundi ya nyuki. Kikohozi, fangasi, vidonda vya tumbo, kila kitu inatibu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hebu nusa."

Laiti nisingenusa. Ile harufu ilinipanda puani, nikaikamata meza yake hadi chupa zikagongana. Kijana wa watu akanikimbilia na kigoda. Mimi mtu mzima, mama wa watoto wanaonizidi urefu, nimeketi kando ya barabara kuu natetemeka kwa sababu ya kitu ambacho nyuki hukitumia kuzibia nyufa. Akaniuliza kama nina mzio. Nikamwambia sina mzio, nina mdogo wangu anaitwa Sefu. Hakunielewa, na wala sikumlaumu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia vijiji vya huku huenda mkanielewa. Sisi tulikaa Zombo, ndani kabisa, upande ambao ukitaka kuifikia barabara ya Kilosa ni lazima uvuke mto. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Shule ilikuwa huku kwetu, kwa bahati mbaya. Baba alilima mpunga na ufuta, na yeye pamoja na dada yake, Shangazi Tatu, walikuwa na mizinga ya magogo waliyoitundika kwenye miti ya kilimani. Shangazi alikuwa mjane, nyumba yake ilitazamana na yetu uani, na hakuna jambo lililofanyika kwetu bila yeye kulisemea.

Gundi ya nyuki kwetu ilikuwa kitu cha kawaida kama chumvi. Shangazi aliihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, mabonge ya kahawia, mengine yakielekea wekundu, mengine meusi kama lami. Ndoo ikitoboka, gundi. Mpini wa jembe ukilegea, gundi. Jino likimuuma, Shangazi alimega kipande akakitafuna mpaka mdomo ukafa ganzi, na akaendelea kutusema na ganzi yake hivyohivyo. Asubuhi za baridi ilikuwa ngumu, ukiigonga inavunjika. Jua likiwaka inalainika na kukung'ang'ania vidoleni siku nzima.

Baba ndiye aliyetuambia inakotoka. Nyuki hawaitengenezi, alisema. Wanaikwangua mitini, kwenye machipukizi na penye majeraha ya gome, halafu wanairudisha nyumbani imewaganda miguuni kama mtoto aliyekanyaga tope. Miti ya kilimani kwetu ilikuwa nayo tele, mninga hasa, ule ambao ukiukata unatoa maji mekundu kabisa kama damu. Kule Kidodi alikuwa na rafiki yake mwenye mizinga kando ya mashamba ya miwa, na yule bwana alikuwa hapati gundi ya maana, kwa kuwa muwa hauna cha kuwapa nyuki. Na ile ya mizinga iliyokuwa karibu na miembe Shangazi hakuigusa kabisa, maana iliwahi kumtoa malengelenge mkono mzima.

Siku moja kabla ya masika, Baba aliushusha mzinga ambao nyuki walikuwa wameuhama. Kwa kuwa ulikuwa mtupu, mimi na Sefu tuliruhusiwa kusogea. Sefu alikuwa mdogo, ndiyo kwanza ameacha kubebwa mgongoni, kitumbo mbele, kelele nyingi kuliko kimo chake. Baba aliutoa mfuniko, akaanza kukwangua kuta za ndani kwa kisu, na gundi ikawa inadondoka vipandevipande kwenye kopo la Shangazi. Halafu kisu kikakwama. Ndani mle kulikuwa na kitu kirefu, cha kahawia, kimelala ubavu.

"Baba, nini hicho?"

"Mjusi."

"Amelala?"

Baba akacheka. "Huyu amelala moja kwa moja. Aliingia kwenye nyumba ya wenyewe, wakamuua. Sasa mzoga mkubwa kama huu nyuki watautoa vipi? Hawawezi. Basi wanaufunika wote kwa gundi, usije ukawaozea ndani."

Akamgeuza ili tumwone vizuri. Hakuwa na nia mbaya, Baba yangu, alipenda tu kutuonyesha mambo. Niliviona vidole vyote vya yule mjusi. Niliona jicho limefumba, na juu ya jicho gundi imekaa kama ngozi ya pili. Hakunuka hata kidogo. Alikuwa na harufu nzuri, na hiyo harufu nzuri ndiyo iliyonitisha, kwa sababu niliijua. Ilikuwa karibu sana na harufu ya ubani.

Ubani niliujua tulipofiwa na Bibi. Waliuchoma chumbani alimolazwa, na tulipoitwa kumuaga alikuwa amefunikwa kuanzia unyayoni mpaka shingoni. Nilimwambia Baba kwamba mjusi ananukia kama chumba cha Bibi. Akasema si ajabu, ubani nao ni gundi ya mti. Akaendelea kukwangua.

Jamani, kichwa cha mtoto hakihitaji mengi. Palepale nikawa nimeshapanga mambo yangu: yule ambaye haiwezekani kumtoa nje, hufunikwa kwa gundi, na akishafunikwa basi amekwisha. Sefu alikuwa amenyoosha mkono amchukue mjusi akachezee. Nilimchapa kibao cha mkono. Akalia kwa nguvu, Baba akanigombeza, na mimi sikuweza kueleza.

Masika yalipoingia yaliingia na upepo. Mchana mmoja anga ilifanya giza, kuku wakakimbilia ndani, na mvua ikaanza kupiga kwa ubavu. Mimi nilikuwa mlangoni. Sefu alikuwa uani, anakimbia kuja kwetu huku anacheka, maana kwake mvua ilikuwa mchezo. Upepo ukang'oa bati la jiko la Shangazi. Nililiona likipanda juu, likageuka, likashuka. Lilimpitia mguuni likaenda kugonga ukuta. Damu sikuiona mwanzoni. Nilimwona tu ameketi kwenye maji, anautazama mguu wake kwa mshangao, na maji yaliyomzunguka yanabadilika rangi.

Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Alimnyakua, akamwingiza ndani, akaufunga mguu kwa kanga, kanga ikalowa, akaongeza ya pili. Chini ya goti upande wa nje nyama ilikuwa imefunguka kama mfuko. Baba alitoka mbio akarudi na kijana mwenye pikipiki. Wakamweka Sefu katikati yao, amefunikwa na turubai, wakaondoka na pikipiki ikiteleza huku na huku. Mama alisimama mvuani akiomba dua. Mimi nilishika nguo yake kwa nyuma.

Waliporudi, walirudi upesi mno. Nilijua kabla hawajasema.

"Mto haupitiki, mama," kijana alisema, maji yanamtiririka usoni. "Umekula na barabara. Nimeona mti mzima na mizizi yake unapita pale kama kijiti. Nikiingia na huyu mtoto tunaondoka wote."

"Na kwa kuzunguka juu?"

"Huko juu ndiko balaa zaidi. Nisamehe, mama."

Mama alimtazama Baba. "Kwa hiyo hatuwezi kumtoa?"

Baba alikuwa amemkumbatia Sefu na midomo inamcheza. Shangazi Tatu, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aligeuka, akaingia nyumbani kwake, na alipotoka alikuwa amebeba lile kopo.

Moyo wangu ulilipuka paa. Sijui niwaeleze vipi. Niliwatazama watu wazima wote watatu nikingoja mmoja aseme hapana, lile kopo lirudi lilikotoka. Hakuna aliyesema. Baba mwenyewe alikoka moto.

Shangazi alichemsha maji ya chumvi akakiosha kidonda, na Sefu alilia mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akachagua mabonge yale ya wekundu, akayalainisha juu ya mvuke, akayakanda na asali. Niliyatambua mabonge yale. Yalikuwa ya mzinga uleule, yaliyokwanguliwa pembeni mwa mjusi. Harufu ikajaa chumba. Ilikuwa harufu ya Bibi, siku ile, mlango umefungwa. Alianza kumpaka pembezoni mwa jeraha, akalikutanisha, akazidi kuziba, juu mpaka chini, na ngozi ya mdogo wangu ikawa inapotea chini ya ile kahawia.

"Shangazi," nikasema. "Mnamfunika?"

"Tunafunika kidonda, ndiyo. Miti yenyewe hujifunga majeraha kwa hii. Ukiutia mninga panga leo, unajiziba wenyewe, na unaendelea kuota. Lete kitambaa hicho."

Sikumwamini. Mti uliojiziba sikuwahi kuusimamia nikautazama. Mjusi nilimwona kwa macho yangu.

"Mnamfunika kama mjusi?"

Mama aligeuka akanitazama. Aliweka kiganja mdomoni, akainuka, akatoka nje kwenye mvua bila kujitanda chochote. Baba akainamisha kichwa. Shangazi akanipigia kelele, "We mtoto! Mdomo wako huo!" lakini hakusema kwamba sivyo. Hilo ndilo nililolishika. Hakuna aliyesema sivyo.

Mvua haikukatika. Asubuhi tuliamka nayo na jioni tulifunga mlango nayo, na mto tuliusikia ukiunguruma tukiwa vitandani. Sefu alipata homa. Mwili ulimchemka, midomo ikakauka, akawa anataja majina ya kuku. Kila walipomlisha uji, Mama, Baba na Shangazi waliinama wote kumtazama mdomo. "Fungua, mwanangu. Fungua zaidi. Sema aaa." Akifungua, wote watatu walishusha pumzi. Sikujua kwamba walikuwa wanaogopa pepopunda, ule ugonjwa unaombana mtu taya. Mimi nilidhani wanaangalia kama gundi imeshafika ndani.

Kwa hiyo nikajipa kazi. Nilichukua kipande cha mkaa nikamchorea mstari chini kidogo ya goti, pale gundi ilipokomea. Nilijiambia ikibaki chini ya mstari, Sefu yupo. Nilikuwa nafunua shuka nachungulia, nafunika, nakwenda kuchota maji, narudi nachungulia tena. Mama aliniona akadhani ni mapenzi tu ya dada kwa mdogo wake. Yalikuwa mapenzi kweli, lakini yalikuwa na hofu ndani yake ya kutosha kumtapisha mtu.

Na sikutaka alale. Jicho la mjusi lilikuwa limefumba, basi kila Sefu alipofumba macho nilimtikisa bega. "Sefu! Sefu! Jogoo wetu anaitwaje?" Akinijibu nilipumua. Mama akawa ananiondoa, "Mwache mwenzio apumzike, mwanangu," na mimi narudi kwa mlango wa pili. Ikafika asubuhi moja nikamtikisa, akafungua macho akanitazama kama hanijui, akayafumba tena bila kusema jina la jogoo. Nikafunua shuka. Mstari wangu wa mkaa haukuwepo. Gundi ilikuwa imelainika kwa joto la homa, imetambaa, imepita pale nilipochora na kufika gotini.

Nilikaa chini ya kitanda. Nilikaa huko nimeshika mguu wa kitanda, na hakuna aliyenitafuta, maana watu walikuwa wameanza kuja. Wanawake wa jirani waliingia mmoja mmoja, wakavua ndala, wakakaa mkekani. "Poleni." "Tumeshapoa." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesimulia habari za mtu. Baba na Shangazi walikuwa wanazungumza Kisagara mlangoni, lugha waliyoitumia wasipotaka tusikie. Walidhani siijui. Nilikuwa naijua nusu, na heri nisingeijua kabisa. Nilisikia "mguu". Nilisikia "mtoto". Nilisikia "leo hii", na sauti ya Baba ikikatika.

Kisha nikagundua kwamba sisikii mvua.

Wanaume waliingia na matope mpaka mapajani. Walitoa kitanda kimoja cha kamba, wakatandika godoro, wakamlaza Sefu juu yake. Jua lilikuwa limetoka ghafla, kali, kwa hiyo mtu mmoja akamtupia kanga kumkinga. Kanga ilimfunika mwili, ikamfunika na uso. Halafu wakainama, wakainua, wakaweka kitanda mabegani.

Ninyi mmeona jeneza likitoka nyumbani kwa watu. Mnajua wanaume wanavyoinama pamoja na kuinuka pamoja, na wale wanaowahi mbele kupokea bega. Ilikuwa hivyohivyo. Nilitoka chini ya kitanda changu nikilia, nikakimbilia uani nikaukamata mguu wa kile kitanda cha kamba kilipokuwa kinashuka barazani. Baba alijaribu kunibandua, akashindwa.

"Mwache aje," akasema Mama.

Nilipogeuka nilimwona amejitanda, bunda la nguo kichwani, amevaa raba za shambani. Anakuja. Ndipo wazo likanijia, la kwanza jema tangu siku ya bati. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Bibi alipotoka, Mama na Shangazi walibaki uani na wanawake wenzao, na mimi nilibaki nao. Makaburini wanakwenda wanaume. Kama Mama anakuja, basi hatuendi makaburini. Nilimtazama raba zake na kumwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu.

Lakini njia ya mtoni inapita makaburini. Inapita kando kabisa, pale kwenye miti ya mikakaya, na kaburi la Bibi unaliona bila kusimama. Tulipokaribia, wanaume walianza kupunguza mwendo. Niliuhisi mguu wa kitanda unalegea mkononi mwangu, haunivuti tena. Mmoja akasema amechoka bega. Baba akasema, "Tuweke chini kidogo."

Wakaweka chini. Palepale, njia inapogawanyika.

"Siyo hapa!" nikapiga kelele. "Baba, siyo hapa! Siyo hapa!"

Mmoja wa wale wanaume alitazama makaburini, akatazama kitanda, akatazama chini. Baba alipiga goti, akainua pembe ya kanga, akaweka mkono shingoni mwa Sefu na kuuacha hapo muda mrefu. Kisha akaishusha ile kanga. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilimwomba Mungu, na kwa kuwa sikujua dua inayofaa nilisoma ile tuliyofundishwa ya kabla ya kula.

"Twendeni," Baba akasema. "Badilisheni mabega."

Wakashika njia ya mtoni.

Mto ulikuwa umepungua lakini ulikuwa bado una hasira. Walivuka wakiwa wameshikana, maji kifuani, kitanda wamekiinua juu ya vichwa. Mimi nilivushwa mgongoni na mtu nisiyemjua, nimefumba macho. Ng'ambo tulipata gari dogo la mizigo lililokuwa limekwama tangu mafuriko, dereva akatupakia bila maneno mengi, tukaenda Kilosa tukirukaruka nyuma pale na ndoo za nyanya. Mama alimpakata Sefu. Nilikuwa nataka kumwuliza kama anapumua, na nilikuwa naogopa jibu, kwa hiyo nikawa namwuliza tumefika wapi. "Chanzuru bado?" Njia yenyewe haikupita Chanzuru. Mama alinijibu tu, "Bado, mwanangu."

Hospitalini alitupokea daktari kijana. Aliisogelea gundi, akaigusa kwa kidole cha glavu, akainusa. Alianza kuilainisha kwa pamba iliyolowa dawa na kuibandua polepole. Nilisimama pembeni nimejiziba macho. Nilijua kitakachotoka chini yake. Kingekuwa kimekauka, cha kahawia, kama kile kilichotoka kwenye mzinga.

"Nani amempaka hii?"

"Wifi yangu," Mama akasema haraka. "Tusamehe daktari, mto ulikuwa umefunga."

"Hamna kosa. Naijua hii. Mti unaitoa ili vijidudu visiuingie penye jeraha, na nyuki wanaichukua kwa kazi hiyohiyo, kulinda nyumba yao. Imewasaidia, tazama hapa juu palivyo." Akabandua kipande kingine. "Ila huku chini imefungia uchafu ndani. Usaha umekosa pa kutokea, ndiyo hii homa. Na pepopunda haijali gundi, huyu lazima achomwe."

Niliachanisha vidole. Mguu wa Sefu ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu wa nyama inayoishi, umefunguka, umevimba, mbaya kuutazama, na chini karibu na kifundo usaha ulikuwa unatoka. Nilifurahi kuuona ule usaha, mnaweza kuamini? Mjusi hakuwa nao.

"Kwa hiyo hajafa?" nikamwuliza daktari.

Yeye alikuwa anavuta dawa kwenye bomba. Sefu alikuwa amelala chali, macho nusu, hana habari. Sindano ikaingia.

Ukelele alioutoa! Wodi nzima iligeuka. Mzee mmoja kitanda cha mwisho akasema, "Lahaula!" Sefu alifungua macho yote mawili, akamwona daktari, akampiga teke kwa mguu mzima, akaniona mimi, akaniita, "Dada! Mwambie aache! Dada!" Nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti kuliko yeye. Baba naye alitoka akaenda kusimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

Walipomaliza kumsafisha na kumfunga, nesi alikuja, mama wa makamo, mnene, mwenye haraka zake. "Huyu amelowa chapachapa. Mama, nguo za mtoto ziko wapi nimbadilishe?"

Mama hakujongea. Alikuwa amelipakata lile bunda mapajani, mikono yote juu yake.

"Mama, nguo."

"Sina," Mama akasema.

"Si hizo hapo?" Nesi akalichukua bunda, akalifungua juu ya kitanda.

Hapakuwa na shati, hapakuwa na kaptula. Palikuwa na bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, na juu yake pamba, na kipande cha ubani kwenye karatasi. Nguo ile nilishaiona mara moja tu, na aliyeivaa alikuwa Bibi. Nilimtazama Mama. Njia nzima nilikuwa nimemfuata nikijua kwamba kwa kuwa yeye anakuja, Sefu haendi makaburini, na yeye njia nzima alikuwa amebeba sanda kichwani.

Nesi alikuwa mtu mzima. Hakuuliza. Aliuweka ubani na pamba mfukoni mwake, akaikung'uta bafta ikafunguka, akamviringishia Sefu kifuani, akapiga fundo begani, uso na mikono vyote nje. "Haya," akasema, "leo utavaa hii, bwana mkubwa." Sefu akalalamika kwamba inawasha.

Alilala nayo. Alfajiri nilipoamka pale chini tulipojinyoosha, niliona Mama hayupo. Nilimkuta nje, kwenye uzio ambako wauguzaji wanaanika, ameshaifua ile bafta na anaitandaza, nyeupe pee, inadondosha maji. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Wanawake waliokuja kuchota maji walisimama, wakamwuliza kulikoni tena, mama, asubuhi yote hii, au mmefiwa?

"Mwanangu amekojoa," Mama akawaambia. "Mwanangu ameikojolea yote."